Alama iliyogeuka

Siku moja hapa Mulungwishi, kando ya njia itokayo Likasi kwenda Kolwezi, tuliandika ubaoni: −2x < 6. Tukagawanya kwa −2, tukapata x < −3.

Binti mmoja, mtoto wa muuza makala, akasimama. “Mwalimu, nikitia sifuri mahali pa x, 0 ni ndogo kuliko 6, ni kweli. Lakini 0 si ndogo kuliko −3.” Tulimwamuru aketi.

Usiku ule usingizi haukutujia. Ukigawanya kwa hesabu hasi, alama hugeuka: x > −3. Kanuni hiyo twaijua tangu ujana! Neno aljebra latoka Kiarabu, al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika. Al-Khwarizmi wa Baghdad alilitia katika jina la kitabu chake yapata mwaka 820. Nasi tulikuwa tumevunja.

Asubuhi tuliungama kosa mbele ya darasa, lakini kiti chake kilikuwa kitupu. Amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazidai karo. Za sekondari zadai.

Jioni tukaenda kwao. Tukaokota kipande cha makala, tukaandika ukutani: x > −3.

“Ndiyo, Mwalimu,” akasema, akaendelea kushona gunia.