TV ya Kichogo Bado Iko Sawa, Wacheni Kuicheka

Siku hizi ukipiga picha sebuleni na TV ya kichogo ionekane nyuma yako, lazima mtu acheke kwa komenti. Ati "ondoeni hiyo friji." Huku Mariakani TV hizo bado ziko nyumba nyingi, na mimi naona shida si TV. Shida ni sisi vijana tunaojifanya wajuaji wa teknolojia, lakini hatujakaa chini kuziunganisha.

Kwanza, kichogo ilishaambiwa imekufa. Mwaka wa 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa Kenya, watu walidhani lazima wanunue TV mpya. Kumbe king'amuzi kilitosha. Waya wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, basi. Matundu hayo hayo matatu ndiyo mlango wa vifaa vya leo.

Sasa, laptopu yako inatoa HDMI, ambayo ni dijitali, na kichogo inaelewa analojia tu. Hapo katikati unahitaji konvata. Soma maandishi yake vizuri: HDMI iwe upande wa kuingia, AV upande wa kutoka, manake kuna nyingine ya kinyume na kwa macho zinafanana. Ukiuziwa waya mtupu, HDMI huku na AV kule bila kisanduku, kataa. Waya peke yake haubadilishi kitu. Kisanduku nacho kinataka umeme wake, chaja ya simu ya volti 5 inatosha. Kikiwa na swichi ya PAL na NTSC, weka PAL, la sivyo picha inaweza kuja bila rangi au ikarukaruka.

Nisiwadanganye, haitakuwa HD. Maandishi madogo utayasoma kwa taabu. Lakini sura ya mtu utaiona vizuri.

Na hizo sura ndizo zilizonifanya niandike. Binamu yangu yuko Doha kikazi, na hututumia video kwa simu. Nyanya macho yamechoka, anaisogeza simu hadi puani, kisha anasema, "Mimi nasikia sauti tu." Nikaweka video kwa laptopu, nikaunganisha na kichogo chake. Akatazama kimya, halafu akauliza, "Mbona amekonda hivi? Kwani huko hali?" Sote tulikuwa tumeshaiona video hiyo. Hakuna aliyeligundua hilo ila yeye. Jioni hiyo ndio tulimpigia binamu tukamuuliza hali yake ya kweli.

Kama una pesa za TV nyembamba, nunua, sikukatazi. Lakini kuna watu wanajibana kulipa TV mdogo mdogo kwa sababu ya aibu tu, na konvata haifiki shilingi 2,000. Tena kichogo ikivunjwavunjwa jalalani kutafutwa shaba, kioo chake kina madini ya risasi, na watoto wanacheza hapo hapo.

Wikendi hii geuza TV ya kwenu uangalie nyuma. Ukiona matundu matatu, ni kazi ya dakika kumi. Ukiona la antena pekee, utahitaji na modulata ya kupeleka picha kwa tundu hilo. Ila usiifungue ndani, manake umeme mkali hubaki hata ukiichomoa.

Halafu muite nyanya yako akae mbele.