Risasi Kubwa au Mkono Uliozoea?



Ndugu mmoja, mfanyabiashara mwenye leseni ya bastola, aliniuliza: "Pasta, nibebe ya milimita 9 au nitafute .45? Nikivamiwa tena, nataka mtu aanguke."

Nilimwelewa. Risasi ya .45 ina upana unaozidi milimita 11, na mtu aliyewahi kuvamiwa hutamani kitu kikubwa mkononi.

Lakini sikiliza. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilipita kwenye mkono wa jambazi, ikaingia kifuani, ikaishia kabla ya kufika moyoni. Jambazi akaendelea kupiga.

FBI ikailaumu risasi. Ikahamia milimita 10, baadaye .40. Bastola hizo ziliruka zaidi mkononi zikifyatuka, na wengi wakapata shida kulenga. Mwaka 2014 ikakiri kwamba kwa risasi za kisasa, tofauti ya majeraha kati ya ukubwa huu na ule ni ndogo, na maafisa wengi hupiga haraka na kwa usahihi zaidi wakitumia milimita 9. Ikarudi palepale ilipotoka!

Mpendwa, kinachomzuia mvamizi ni risasi kufika mahali pake. Na ile iliyokosa haipotei hewani. Inatoboa mabati, inaingia chumba cha jirani ambako mtoto amelala. Hiyo nayo ni yako. Utaijibu mahakamani, na utaijibu mbele za Mungu.

Soma 1 Samweli 17. Sauli alimvika Daudi silaha za mfalme, silaha za heshima kabisa. Daudi akazivua, kwa maana hakuwa amezizoea. Akachukua kombeo lake na mawe matano laini kutoka kijitoni. Jiwe moja likatosha, kwa sababu lilifika.

Basi nikamjibu ndugu yangu hivi: Beba ile mkono wako unaweza kuimudu hata ukitetemeka. Nenda kwenye shabaha mara kwa mara, si siku ya kununua tu. Ifungie mbali na watoto. Usiibebe ukiwa na hasira. Na kukiwa na njia ya kutoka, toka. Mali hutafutwa tena, lakini damu ikimwagika hairudi.

Na wewe usiye na bastola, jiulize pia. Unatamani upako wa mtu fulani, maombi ya sauti kubwa kama yake, na kale kaombi ka asubuhi ulikopewa hujakazoea bado. Vua silaha za Sauli. Anza na jiwe lako.

Mungu ailinde milango yenu usiku wa leo, na aifundishe mikono yenu kiasi.

Amina.