MTOTO AKIITWA, ANASIKIA?



Neno la leo ni la wazazi, na la kila magokoro anayelea wajukuu, kuanzia Ogembo na Suneka hadi Keroka na Nyansiongo.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Musa anawaagiza Israeli wawafundishe watoto wao maneno ya Bwana, kisha anawatajia na saa zenyewe: mkiketi nyumbani, mkitembea njiani, mkilala na mkiamka. Nyakati nne. Sasa jiulize, katika nyakati hizo nne mtoto wako huwa ameshika nini?

Akiketi nyumbani, katuni. Akiwa kwenye matatu mkitoka Kisii mjini, simu ya mama. Akilala, video. Akiamka, kabla hajasema "bwakire," anauliza simu iko wapi. Biblia ingali mezani, mpendwa. Zile saa za kuifundisha ndizo zimechukuliwa.

Sisemi simu ni dhambi. Hata ujumbe huu unausoma kwenye simu. Karo tunalipa kwa simu, mwalimu anatuma kazi ya nyumbani kwa WhatsApp, na mtoto anamwona shangazi yake aliye Minnesota. Wala sisemi wazazi ni wavivu. Majuzi nilimtembelea mama mmoja upande wa Nyamira, mchumaji wa majani chai. Akaniambia, "Pasta, nikimpa simu ananyamaza, nami nawahi kituoni kabla lori halijaondoka. Lori likiniacha, majani yananyauka na jasho langu limepotea." Ni kweli kabisa. Usimhukumu.

Lakini nikiwa pale, magokoro alimwita yule mtoto, wa miaka mitatu, kwa jina lake. Akamwita tena. Akamwita mara ya tatu. Mtoto hakugeuka. Hakuwa na kiburi, masikio yake yalikuwa mbali tu.

Nikamkumbuka Samweli. Usiku ule aliitwa, na mara tatu za kwanza aliamka akamkimbilia Eli. Alikuwa hajaijua bado sauti ya Mungu, ila alishajua kuitika mzee anapoita. Mtoto asiyemsikia magokoro aliye hatua mbili kutoka kwake, atajifunzia wapi kuitika Bwana akimwita?

Na katika sura hiyohiyo, 1 Samweli 3, Mungu anamhukumu Eli kwa sababu alijua wanawe wanafanya nini na hakuwazuia. Kuzuia ni kazi ya mzazi. Mkulima wa chai anaelewa. Mchai ukiuacha bila kuupogoa unakuwa mti mrefu, wenye majani mengi ambayo mkono haufiki. Anayeupogoa anautakia mavuno.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimngoja mtoto nje ya lango. Leo uko ndani ya mfuko wa mama mwenyewe.

Basi tufanye nini? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Tena mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Kwa wakubwa wao, wewe mzazi weka kipimo, na uzirudishe zile saa nne za Musa:

Mezani, hakuna simu. Obokima na chinsaga viliwe kwa mazungumzo.

Njiani, mwonyeshe milima, mito na watu. Mfundishe kusalimia.

Usiku, simu isilale chumbani mwa watoto. Chaja ikae sebuleni.

Asubuhi, maombi kwanza, hata kama ni ya dakika mbili.

Na sheria ianze na wewe. Kwetu kuna kikapu. Saa ya chakula cha jioni kila simu inaingia humo, hata ya pasta. Kabambe yangu ndiyo hubaki imewashwa, kwa ajili ya aliye na dharura. Mtoto hawezi kuheshimu mpaka ambao baba anauruka kila jioni.

Yule mama tulikubaliana hivi: simu ni ya wakati ule tu anapopeleka majani kituoni, magokoro aangalie saa, na mtoto aambiwe mapema itazimwa lini. Baada ya hapo apewe mahindi apukuchue pamoja na magokoro, asimuliwe hadithi kwa Ekegusii. Nilimwambia atalia, naye asiogope kilio. Juzi alinipigia. Mtoto bado analia jioni, lakini sasa magokoro akimwita, anageuka.

Mpendwa, huo ni mwanzo. Anza leo jioni, na mtoto mmoja, na saa moja.

Baba Mungu, tupe ujasiri wa kuwazuia tunaowapenda, na uwafungue watoto wetu masikio, ili siku utakapowaita waitike. Katika jina la Yesu. Amina.