Barua kutoka Texas: Krediti za Mtoto Aliyesomea Nyumbani

Krediti ni kipimo cha somo moja lililokamilika katika sekondari ya Marekani. Jamaa wa Kitale au Bungoma akilisikia neno hilo kwenye simu hudhani linahusu mkopo wa benki au kredo ya simu, na si kosa lake, kwa kuwa elimu ya 8-4-4 ya Kenya haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mwanafunzi husoma miaka minne, kisha hupimwa kwa wiki chache za mtihani wa taifa, KCSE: masomo 7, kila moja pointi 12, jumla 84. Akianguka hapo, bidii yake ya kidato cha pili haimwokoi. Marekani haina baraza moja la mitihani linalotoa cheti cha sekondari kwa nchi nzima. Mwanafunzi hukusanya krediti kama mkulima wa Kiminini anavyojaza gunia la mahindi, gorogoro kwa gorogoro, hadi afikishe idadi inayodaiwa na jimbo lake. Kipimo chenyewe kilitokana na wakfu wa Carnegie mwaka 1906: takriban saa 120 za somo moja katika mwaka mmoja. Somo la nusu mwaka huleta nusu krediti.

Shule ya umma ya Texas hudai krediti 22: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, lugha nyingine 2, sanaa 1, mazoezi ya mwili 1, na 5 za kuchagua. Juu ya hizo kuna mitihani mitano ya jimbo: aljebra ya kwanza, Kiingereza cha kwanza na cha pili, biolojia, na historia ya Marekani.

Anayesomea nyumbani hafungwi na orodha hiyo. Kesi ya Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth, ilimalizwa na Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994, na tangu hapo shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule ya binafsi. Mzazi hasajili popote wala mkaguzi haji. Kinachotakiwa ni mtaala ulioandikwa, ufuatwe kwa dhati, wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Anayemtoa mtoto shule ya umma huandika barua fupi yenye sahihi na tarehe, yakaisha. Majimbo mengine hayako huru hivyo. New York mzazi hupeleka mpango wa masomo kila mwaka na ripoti kila robo mwaka, na hata hivyo wilaya haimpi mtoto cheti. Pennsylvania cheti cha nyumbani kilipata nguvu ya kisheria mwaka 2014, kwa sharti kwamba mtathmini naye atie sahihi.

Kwa hiyo Texas mwalimu mkuu ni mama au baba, na yeye ndiye hutoa diploma. Neno hili nalo huleta mkanganyiko. Diploma ya Marekani ni cheti cha kumaliza sekondari tu, ilhali Bungoma mtu akiambiwa kijana kapata diploma, anafikiria miaka ya chuo cha Sang'alo au Politekniki ya Kitaifa ya Kitale. Kuna sherehe za nyumbani zilizochangiwa kwa sababu ya neno hilo moja.

Diploma iliyotiwa sahihi na mzazi haisemi mengi. Uzito uko kwenye transkripti, karatasi inayoonyesha kila somo, mwaka liliposomwa, krediti na gredi yake, pamoja na wastani wa jumla. Nyuma yake pawe na majina ya vitabu, muhtasari wa kila somo, insha chache na mitihani iliyosahihishwa. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Masomo yalifundishwa kweli, lakini hayakuandikwa, na mzazi hujikuta akikumbuka kemia ya miaka mitatu iliyopita usiku mmoja kabla ya kutuma maombi ya chuo. Kumbukumbu zianze siku ya kwanza ya darasa la tisa, sekondari inapoanza.

Ugumu mkubwa humpata mtoto anayerudi shule ya umma katikati ya safari, tuseme darasa la kumi na moja. Wilaya ndiyo huamua krediti zipi zikubalike. Hupitia mtaala wake au humpa mitihani, na kwa mtihani wa kupata krediti, aliyekwisha kufundishwa somo hupita kwa alama 70, ambaye hajafundishwa kwa 80. Ile mitihani mitano ya jimbo nayo inamsubiri. Ndiyo maana anayekusudia kumaliza katika shule ya umma ni heri arudi mwanzoni mwa darasa la tisa, kabla krediti hazijaanza kuhesabiwa. Mtoto anayefika moja kwa moja kutoka Bungoma na ripoti za kidato cha pili hupitia ukaguzi wa aina hiyo. Kiswahili chake, alichokuwa akikidharau, huenda kikampatia zile krediti 2 za lugha nyingine.

Vyuo vikuu vya umma vya Texas vimeagizwa na sheria kumpima mwombaji aliyesomea nyumbani kwa viwango vile vile vya wenzake. Hata hivyo ushahidi wa nje humsaidia: alama za mtihani wa SAT, au masomo yaliyofanywa katika chuo cha jamii akiwa bado sekondari, kwa kuwa transkripti ya masomo hayo hutolewa na chuo chenyewe. Wakimbiaji, na Cherang'any na Mlima Elgon haziishiwi nao, wana mlango wao. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, hudai masomo 16 ya msingi kwa daraja la kwanza la michezo hiyo, na aliyesomea nyumbani hujaza fomu ya kila somo ikieleza vitabu vilivyotumika na nani alifundisha.

Kurudi Kenya ni jambo jingine. Katiba ya 2010 humpa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Wazazi wanaofundisha nyumbani waliifikisha sheria hiyo Mahakama Kuu wakitaka itambue njia yao, na ombi lao likakataliwa. Mzazi aliyekuwa mwalimu mkuu Dallas, akihamia Kitale anaweza kushtakiwa kwa kazi ile ile.

Kisha kuna kulinganisha vyeti. Mfumo wa Kenya umezoea kulinganisha mtihani na mtihani, kama vyeti vya IGCSE vinavyowekwa sambamba na KCSE. Diploma ya mzazi haina mtihani wa kuwekwa kwenye mizani. Anayewaza kurudi hufanya vyema kukalia mtihani wa GED, masomo 4 yenye alama 145 ya kupita katika kila moja, kwa sababu Texas cheti chake hutolewa na mamlaka ya elimu ya jimbo, yenye mhuri na rekodi ya kuulizwa.

Kwa mdogo zaidi kuna CBC, mtaala unaochukua nafasi ya 8-4-4. Kuingia sekondari ya juu, asilimia 60 ya alama hutoka mtihani wa KJSEA wa darasa la tisa, 20 mtihani wa KPSEA wa darasa la sita, na 20 kazi zilizopimwa shuleni. Kenya sasa imeanza kuhesabu kazi ya darasani, na anayerudi kutoka meza ya jikoni ya Texas hana hata moja ya alama hizo tatu. Na njia ya zamani inafungwa: KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027.