Somo moja lina mega ngapi?

 Leo zamu ni yetu sisi wa Muhokya.

Kwanza mjue sisi ni nani. Tuko wa aina mbili hapa: kuna waliokimbia mto na kuna waliokimbia risasi. Wa mto ni wale ambao Nyamwamba ilibeba nyumba zao Mei 2020. Wa risasi tulivukia Mpondwe na mizigo kichwani. Kambini tunajitolea pamoja: tunaandika majina siku ya ugawaji, tunatafsiria wazee Kiswahili na Lhukonzo, jioni tunasaidia wadogo zetu na hesabu. Na kwa habari ya leo hatuna tofauti yoyote, maana wote tunanunua bando lile lile kwa bei ile ile.

Mmoja wetu anasoma diploma kwa mtandao. Hatumtaji jina, na chuo chake pia hatukitaji. Ni dada yetu, ana mtoto mmoja, na ada yake ya muhula wa kwanza ilichangwa na watu wengi, wengine walitoa elfu mbili mbili tu. Kwa hiyo akifeli hafeli peke yake.

Usiku mmoja alikuwa na kwizi. Maswali 30, dakika 40, na mwisho ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Ndani ya kambi netiweki inakuja na kuondoka, basi tulimsindikiza mpaka barabarani, ile barabara ya kwenda Kikorongo, pale mbele ya kibanda cha kuchajisha simu. Tulikuwa wanne. Mmoja anashika mtoto, mmoja anashika tochi, mmoja anafukuza mbu. Alipofika swali la 19, bando likaisha. Tukaanza kuitana, nani ana pesa kwenye simu, nani anakumbuka namba ya siri, kumbe wakati wote huo saa ya kwizi inahesabu tu. Kurudi mtandaoni, ukurasa umefungwa. Alipata 11 kwa 30. Tulirudi kambini bila kuongea, na yule mwenye tochi aliizima, sijui kwa nini, tukatembea gizani.

Baada ya hapo tulianza kuandika kwenye daftari. Kila somo lake, tuliandika limekula mega ngapi. Tulifanya hivyo mwezi mzima, na mambo tuliyoyaona hatukuyatarajia.

Video moja ya mwalimu, dakika 50, mega 310. Darasa la Zoom la saa moja, kamera za watu zikiwa wazi, karibu giga nzima. Lakini kilichotuudhi zaidi ni PDF moja ya kurasa 40 iliyokula mega 62. Tulidhani simu ndiyo mbaya. Kumbe mtu alipiga picha kila ukurasa wa kitabu, akaunganisha picha zote, akapandisha. Maandishi yale yale yangechapwa kwa herufi za kawaida yasingefika hata mega moja. Hakuna aliyetaka kumuumiza mtu. Kule chuoni kuna waya ukutani, na aliyekaa karibu na waya haoni uzito. Mwalimu mwingine, Mungu ambariki, yeye anatuma maelezo kwa sauti ya WhatsApp: dakika tano hazimalizi mega moja, na mtu anasikiliza huku anaosha vyombo.

Na kuna kodi. Zamani tulilipa shilingi 200 kila siku kuingia WhatsApp na Facebook. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Sheria inasema data ya huduma za elimu na matibabu haimo. Vizuri. Lakini ukinunua bando la elfu moja pale kibandani, hakuna anayekuuliza kama unaenda kusoma au kuangalia mpira.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo tulibishana kama tuiandike au tuache.

Ile PDF ya mega 62 ilikuwa ya kazi ya kuandika, kurasa tatu. Dada hakuipakua. Alifungua akili bandia kwenye simu, akaandika swali, akapata jibu refu lenye Kiingereza kizuri sana. Jibu lilikula chini ya mega moja. Akanakili, akatuma. Mwalimu akagundua, maana kwenye jibu kulikuwa na kitabu ambacho hakipo duniani. Akapewa sifuri na onyo.

Wengine kati yetu walimkasirikia sana, hasa waliochanga. Mmoja alisema, “Sisi tunakula mara moja kwa siku ili wewe udanganye?” Neno hilo lilikaa vibaya na mpaka leo halijaondoka. Dada hakujitetea. Alisema tu: kudanganya ilikuwa bei rahisi kuliko kusoma. Tulirudi kwenye daftari tukaangalia, na ni kweli. Mega 62 upande huu, upande ule hata moja haifiki. Hatusemi alifanya vizuri. Alikosea, na yeye anajua. Lakini vifaa vya kusomea vikipangwa hivi, mtu maskini anasukumwa upande mmoja kila siku, na siku moja anaanguka.

Hapo mtasema, si kuna vifaa vya bila mtandao? Viko. Tulipewa laptopu moja kuukuu yenye Kolibri. Kwa wasioijua: ilitoka 2017, na waliotengeneza ni wale wale waliotengeneza KA Lite. Unaweka masomo ndani kwa flashi, laptopu inageuka kama kisima kidogo, na simu za jirani zinaunganishwa nayo kwa wifi bila mega hata moja. Ina hadi menyu za Kiswahili. Tumeweka pia Wikipedia ya Kiswahili kwa Kiwix. Wadogo zetu wa sekondari wanaitumia kila jioni sola ikiwa imeshiba, na sisi wenyewe tumejifunza humo takwimu ambazo shuleni zilitupita. Mkumbuke shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kabisa Januari 2022. Kuna vitu vingi vilitupita.

Ila Kolibri haitoi diploma. Cheti kiko kule chuoni, kwenye mfumo unaoitwa Moodle, na kule ndiko bando lilimwishia dada.

Basi tukaamua kuisoma hiyo Moodle yenyewe, tujue ni mnyama gani. Toleo la kwanza lilitoka 2002. Aliyelianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, na utotoni aliishi jangwani mbali na shule, akasoma kwa redio na kwa karatasi zilizoletwa na ndege. Tulicheka kidogo. Kumbe ni mtu wetu! Leo vyuo vingi vinaitumia. Hata ile MUELE ya Makerere ni Moodle.

Na tulichokuta ndani ndicho kilitufanya tuandike leo. Moodle ina programu ya simu. Kama chuo kimeiruhusu, unapakua somo ukiwa na netiweki, unasoma bila netiweki. Na kwizi pia! Kwenye mipangilio ya kwizi kuna kiboksi kimoja ambacho mwalimu anaweka alama, kinaruhusu mwanafunzi afanye kwizi bila mtandao, halafu simu itume majibu ikipata netiweki. Moja ya masharti ni kwamba kwizi isiwe na saa inayohesabu.  Hakuna tableti mpya wala mradi mpya. Ni kiboksi kilichokuwepo wakati wote sisi tunasimama barabarani na mtoto na tochi.

Tulimwandikia mwalimu, barua moja, majina yetu yote chini. Tuliweka na hesabu za daftari. Alijibu baada ya siku nne, kwa heshima, na swali lake lilikuwa moja: nikiondoa saa, nani atanihakikishia kwamba hamtauliza akili bandia? Na mwanafunzi mwenyewe anayeomba ndiye yule wa sifuri.

Hatukuwa na jibu zuri. Tungesema nini? Tulimwambia ukweli: hakuna wa kumhakikishia. Tulimwambia pia kwamba saa ile haijazuia udanganyifu, maana mwenye bando kubwa anaweza kufungua simu mbili, moja ya kwizi, moja ya kuuliza. Saa inamzuia mwenye bando dogo peke yake. Na tulimwomba aandike maswali ya mambo tunayoyaona hapa, siyo ya kitabuni tu. Mfano, uliza mgao wa maji kambini unapangwa vipi na nani anaachwa nje. Akili bandia haijawahi kupanga foleni ya maji Muhokya.

Alikubali nusu. Kwizi za kila wiki ameziwekea ile alama na ameondoa saa. Mtihani wa mwisho unabaki vile vile, na kwa huo dada atapanda taksi mpaka Kasese, alale kwa ndugu, afanyie mahali penye umeme. Nauli tumeshaanza kuchanga, ingawa siyo wote wamerudi kuchanga. Yule wa “mara moja kwa siku” bado.

Nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, mkileta vifaa tutapokea, hatukatai. Lakini kabla ya kununua, kaeni siku moja na mwanafunzi mmoja na daftari, mwandike mega. Halafu pigieni chuo chake simu muulize kuhusu kiboksi. Simu hiyo ni ya bei ndogo.

Kwizi ya kwanza bila saa ilikuwa Alhamisi. Dada aliifanya ndani, mtoto akiwa amelala, netiweki haipo kabisa. Asubuhi tulitembea naye mpaka barabarani, simu ikaunganisha, ikatuma. Alipata 17. Swali la maji alikosa alama mbili, na mpaka sasa anabisha kwamba mwalimu ndiye hajui foleni yetu inavyokwenda.