Nilivuka Jiwe la Baba

Nataka kuwasimulieni kosa langu mwenyewe, maana wengi wenu mnakaa kando ya ziwa, na pengine mnafikiri kuongeza nyumba za wazee wenu.

Nyumba yetu iko Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Baba aliijenga mwaka 1965 kwa mawe na matofali ya kuchoma, hatua 90 kutoka majini. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa karibu zaidi. Lakini mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 zilianza kulijaza ziwa, hata kufika Mei 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Nakumbuka mama akinibeba mgongoni usiku ule mawimbi yalipoangusha ukuta. Maji yalipokoma kupanda, baba alivingirisha jiwe kubwa akaliweka pale pale yalipofika. Toka jiwe lile mpaka ufukoni hakujenga kitu. Alipanda viazi tu.

Kumbe mtu husahau! Mwaka 2018 nilistaafu, nikarudi nyumbani na akiba yangu yote. Nilitaka vyumba viwili na baraza pana ya kutazama ziwa, wanangu na wajukuu wapate pa kulala wakija Noeli. Mama, mwenye miaka 80 wakati ule, akaniambia, "Mwanangu, jenga nyuma, kuelekea mlimani. Jiwe la baba yako usilivuke."

Nikamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya zamani." Nikajenga hatua 25 tu kutoka majini. Wala sikwenda kuuliza kwa viongozi wa kijiji. Ningaliuliza, ningaliambiwa kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Baba hakuiona sheria hiyo, lakini nyumba yake i nje ya mpaka.

Ziwa letu ni kama sufuria pana. Maji yake mengi hayatoki mitoni, bali ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mengi huinuka kuwa mvuke kwa jua, na yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja, mto Nili uanzapo. Kwa hiyo mvua zikizidi, maji hupanda kidogo kidogo, wala hayashuki upesi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019 na 2020. Mei 2020 ziwa lilifikia kimo cha mwaka 1964, likakipita kidogo. Na mwaka 2024 likapanda zaidi.

Kwangu sakafu ililoa kwanza. Kisha plasta ikabambuka, msingi ukatitia, ukuta ukapasuka toka dirishani mpaka chini. Asubuhi moja nilikuta maji yamefika kwenye jiwe. Mama hakusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko hasara. Nikamwomba radhi. Akasema tu, "Okoa bati, mwanangu."

Tuliokoa bati, milango na mbao. Tukajenga upya nyuma ya nyumba ya baba: msingi wa mawe, juu yake karatasi ya nailoni ili unyevu usipande ukutani, na mfereji upande wa mlima wa kupitisha maji ya mvua. Chumba kimoja ni kidogo, kwa kuwa fedha zilikwisha. Katika nyumba ya mzee tulibadilisha bati lililooza kwa kutu, tukapanua dirisha la mbele. Sasa mama hulitazama ziwa akiwa amekaa kitini pake, miguu mikavu.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuchimba msingi kando ya maji, waulize wazee maji yalifika wapi, ukaulize na kijijini mpaka uko wapi. Na ukiona mzee ameacha mahali wazi, usidhani alikuwa mvivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjikiwa nyumba.