Mlango Nilioufunga Mwenyewe



Ndugu zangu katika imani, na hasa nyinyi akina mama na mabinti mnaousoma waraka huu kila wiki, leo sikuja na darsa. Nimekuja kukiri kosa nililomfanyia mtoto wangu, huenda likamfaa mzazi mwenzangu.

Mimi ni mtu wa pwani. Nililelewa chuoni, nikasoma fiqhi na nahau mbele ya masheikh, wala sikupata kuingia darasa la chuo kikuu. Riziki ikanipeleka bara, nikakaa miaka mingi Kisii, nikiswalisha na kusomesha watoto madrasa. Ni nchi ya vilima na migomba, na mvua yake ya alasiri haina miadi. Wenyeji wake, Abagusii, ni watu wa bidii. Alfajiri utakutana na mama aliyejitwika mkungu wa ndizi akienda sokoni, na nyuma yake mwanawe kakumbatia vitabu. Nikiyaona hayo kila siku, lakini kuona si kuzingatia.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amehitimu shahada yake na kupata kazi ya ualimu upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai. Wakati huo Kisii palikuwa na chuo kikuu kishiriki. Mahali pale palianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 pakawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2007 pakapandishwa daraja kuwa chuo kishiriki chake. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili ilipatikana Februari 2013. Mwaka 2011 binti aliomba nafasi ya kusomea uzamili hapo, akakubaliwa. Jioni moja akaniletea barua, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la maji.

Nikafurahi, kisha nikasoma karatasi ya ada. Shahada ya kwanza ilikuwa imekwisha kula kipande cha ardhi nilichorithi na bangili za dhahabu za mama yake. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na wadogo zake walikuwa bado shuleni. Ndipo akatoa karatasi ya pili: fomu ya kuomba mkopo wa masomo, wenye kurejeshwa pamoja na riba.

Sikuimaliza kuisoma. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni riba, nami nasimama juu ya mimbari kuikataza. Haiingii nyumbani kwangu."

Akaikunja ile fomu taratibu. "Sawa, Baba," akasema. Hakulia wala hakubisha. Jumapili akarudi Nyamira kazini, na ile nafasi yake ikapita.

Mwaka mzima nilijiona nimeshinda jihadi ya nafsi. Binti alikuwa akija mwisho wa mwezi, akitusalimu, akitoa matumizi ya wadogo zake, akirudi. Neno la masomo halikutajwa tena. Kisha siku moja tukasikia kuwa mwalimu mwenzake, waliyeomba nafasi pamoja, amekwisha maliza masomo ya darasani na anaanza utafiti. Usiku huo mama yake akaniuliza swali moja tu: "Ulimwambia ile ni haramu, na haramu ni haramu. Halali yake uliitafuta wapi?"

Wallahi, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma hukumu za riba tangu ujana wangu, lakini sikuwa nimewahi kutembea hata ofisi moja kuuliza kama kuna fedha za masomo zisizokuwa na riba. Nilimfungia mtoto mlango, nikaondoka na ufunguo.

Asubuhi yake nikaenda kwa jirani yetu, mama wa Kigusii, mwalimu mstaafu. Si Muislamu, lakini haki ya jirani yeye alinitimizia kuliko mimi nilivyomtimizia. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: mkopo ni kitu kimoja, na ufadhili ni kitu kingine. Mkopo hurejeshwa, ufadhili haurejeshwi, ila mwenye kuutoa anataka kuona kazi. Wako wanaolipa ada, wako wanaolipa gharama za utafiti peke yake, na kila mmoja ana tarehe yake ya mwisho.

Nikarudi nyumbani nikaandika barua kwa mkono wangu, kwa Kiswahili cha mimbari. Nikaeleza ufukara wetu, nikamsifu mfadhili, nikamwombea dua. Yule mama akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Sheikh," akasema, "hii ni barua ya kuomba sadaka. Hawa wanauliza binti yako atafanya kazi gani, kwa nini ifanywe, ataifanya vipi, kwa muda gani na kwa shilingi ngapi. Umaskini wenu wameshaujua."

Basi tukaanza upya. Binti akaja kila mwisho wa wiki, wakaketi wawili hao mezani, mimi nikiwatilia chai. Alitaka kuchunguza jinsi watoto wanaozungumza Ekegusii nyumbani wanavyojifunza Kiswahili darasani. Lugha hizo ni ndugu, zote za Kibantu, na undugu huo husaidia mahali na kupotosha mahali pengine. Akaandika pendekezo la utafiti, akalifuta, akaliandika tena. Akaorodhesha nauli, karatasi na uchapishaji, kila kitu na bei yake. Akaomba nafasi upya chuoni, akakubaliwa. Maombi ya ufadhili yakapelekwa sehemu tatu. Ya kwanza hawakujibu. Ya pili walikataa. Ya tatu walikubali kulipia utafiti, lakini si ada.

Kwa ada iliyobaki nilikwenda kwa wenzangu baada ya sala ya isha, nikawasimulia kisa chote pamoja na kosa langu. Watu wanne, wawili wao akina mama wafanyabiashara, wakatoa karadha hasana, mkopo usio na nyongeza. Nikawakumbusha kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya deni, na imetuamrisha kuliandika na kulishuhudisha. Nayo imekuja mara tu baada ya aya za riba. Tuliandika kila shilingi, mashahidi wakatia saini. Binti alihitimu, akalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake mpaka deni likaisha. Wenye fedha hawakuzichukua. Walizikopesha kwa binti mwingine.

Baadaye nikajua kuwa njia hii si ngeni. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyoko Jeddah, tangu mwaka 1983 imekuwa na mpango kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama: mwanafunzi husoma kwa karadha hasana, na anaporejesha, fedha hubaki kwa jamii yake kusomesha wengine. Hilo hata msikiti mdogo unaliweza kwa kadiri yake.

Wazazi wenzangu, sisemi riba imekuwa halali. Nasema anayemwambia mtoto "usipite hapa" ana wajibu wa kutembea naye kutafuta pa kupita. Nanyi mabinti, anzeni mapema. Wekeni nakala za vyeti pamoja, ombeni barua za walimu wenu kabla ya haja, someni masharti yote, na mkikataliwa mara moja msijihesabu mmekataliwa na Mola.

Binti yangu hajanilaumu mpaka leo kwa ule mwaka uliopotea. Mimi ndiye ninayeukumbuka. Siku hizi akija mzazi kuniuliza kama mkopo fulani wa masomo unafaa, namjibu kwa elimu niliyo nayo. Kisha namwomba anipe ile barua ya chuo, tutazame pamoja ada ni kiasi gani na siku ya mwisho ni lini.

Allah atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.